Ripoti imesema mapacha, haikusema makondo ni mangapi

SWALI

Shikamooni washauri. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 31, naishi Mwanza. Siku ya kwanza ya hedhi yangu ya mwisho ilikuwa tarehe 3 Machi, na mzunguko wangu ni wa siku 28, hauyumbi. Tarehe 23 Aprili nilitokwa na matone ya damu nikaenda kupiga altrasaundi kwenye kituo binafsi. Walinipima kwa njia ya chini. Karatasi waliyonipa inasema nina mapacha: kifuko kimoja, watoto wawili, mioyo yote miwili inapiga. Mmoja ana milimita 10, mwenzake milimita 8. Hakuna kingine kilichoandikwa. Damu ilikatika siku ile ile na haijarudi.

Nilipopeleka karatasi kliniki, muuguzi aliandika "mapacha" kwenye kadi, akasema altrasaundi nyingine ni wiki ya 20, kabla ya hapo ni kupoteza fedha. Mama mkwe naye hataki kabisa nirudi. Anasema mionzi ya mashine ndiyo inayodumaza watoto, na kwao kina Kulwa na Doto wamezaliwa vizazi na vizazi bila mashine. Mume wangu yuko tayari kulipia kipimo kimoja zaidi kwa sasa, si vitatu.

Nisubiri wiki ya 20? Huyu wa milimita 8 ndiye atapotea? Nikirudi, wapime nini hasa, na ninywe maji au nisinywe? Pia jirani kaniambia "kifuko kimoja" ni mimba ya hatari. Hatari gani?

Mama wa wanne, Mungu akipenda

JIBU

Marahaba mama, na hongera. Usisubiri wiki ya 20.

Muuguzi wako hakutunga. Shirika la Afya Duniani linashauri mjamzito apate angalau altrasaundi moja kabla ya wiki 24, na mwenye mtoto mmoja asiye na tatizo huweza kufika wiki ya 18 au 20 bila kukosa kitu kikubwa. Lakini karatasi yako ina maneno mawili yanayovunja ratiba hiyo: kifuko kimoja. Jirani naye hajakosea sana, ila hatari anayoisema ina jina, ina wiki zake, na hutafutwa kwa kipimo.

Tuanze na kinachotafutwa. Mapacha wanaweza kuwa na makondo ya nyuma mawili, kila mmoja na lake, au kondo moja wanalogawana. Wanaweza pia kuwa kila mmoja ndani ya chupa yake ya maji, wakitengwa na utando, au wote wawili katika chupa moja. Wenye makondo mawili wana njia mbili za damu zisizokutana. Wenye kondo moja, mishipa yao huungana ndani ya kondo hilo, na damu ya mmoja inaweza kumvujia mwenzake. Huko ndiko matatizo makubwa ya mapacha hutokea. Ndiyo maana mtaalamu wa mapacha, kabla hajauliza jinsia wala uzito, huuliza makondo ni mangapi.

Kwenye wiki 7, kama ulivyopimwa, hesabu hufanywa kwa vifuko vya mimba: vifuko viwili vilivyotengwa na ukuta mnene ni makondo mawili, kifuko kimoja chenye watoto wawili huelekeza kwenye kondo moja. Kwa hiyo karatasi yako inasema, bila kulitaja, kwamba huenda wanao wana kondo moja. Tunasema huenda kwa sababu vifuko viwili vilivyobanana huweza kuonekana kimoja mpimaji akipita haraka, na kwa sababu utando wa chupa huwa haujaonekana vizuri kabla ya wiki ya 8. Kipimo chako kilithibitisha mimba iko ndani ya mji wa mimba na watoto wako hai. Kwa mtu aliyeona damu, hilo ndilo lilikuwa swali la siku ile. Sasa kimebaki swali la pili.

Dirisha la kulijibu ni kuanzia wiki 11 kamili hadi wiki 13 na siku 6, yaani siku ya 77 hadi ya 97 tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Kwa tarehe yako ni kati ya 19 Mei na 8 Juni. Ukituuliza siku nzuri zaidi, tungesema kati ya 26 Mei na 2 Juni: watoto wamekua vya kutosha kupimika vizuri, na bado una siku za akiba kama umeme utakatika au mpimaji atakuwa safari. Mume wako akilipia kimoja, fedha hiyo iende hapo. Isiende leo kwa ajili ya kutulizwa roho, na isingoje Julai.

Kwa nini isingoje? Jibu linasomwa pale utando unaowatenga watoto unapokutana na kondo. Kama makondo ni mawili, nyama ya kondo hupanda kidogo katikati ya tabaka za utando, na kwenye picha huonekana pembe nene kama kabari. Kama kondo ni moja, utando ni tabaka mbili nyembamba tu, nao hugonga kondo wima, kama herufi T. Baada ya wiki ya 14 kabari ile huanza kunywea, na utando wa mapacha wenye makondo mawili nao huwa mwembamba. Ukifika wiki ya 20 mpimaji hodari anaweza kubaki anakisia. Akiona mmoja wa kike na mwingine wa kiume amepona, hao wana makondo mawili. Wakiwa jinsia moja, hakuna anayeweza kukuhakikishia.

Hapa ndipo makosa mengi hufanyika, kwa hiyo yajue kabla hujalala kitandani. La kwanza ni kuhesabu makondo kwa macho. Makondo mawili yaliyojipachika jirani huungana kingo na kuonekana bonge moja. Mpimaji akiandika "kondo moja" kwa kuona bonge tu, bila kutazama kabari au T, ameandika jambo ambalo hajalipima. La pili ni kusema watoto wako katika chupa moja kwa sababu utando haukuonekana. Utando wa mapacha wa kondo moja ni mwembamba mno, na mawimbi ya sauti yakiupita sambamba badala ya kuugonga kwa upana, hauonekani kabisa. Dawa yake ni kubadilisha upande wa kuweka kifaa, kusubiri watoto wajigeuze, au kupima kwa njia ya chini. Bado usipoonekana, aombwe mtaalamu mwingine atazame kabla neno hilo halijaandikwa, kwani mimba ya chupa moja huzalishwa kwa upasuaji mapema sana, wiki ya 32 hadi 34. La tatu ni la kienyeji zaidi: "wana makondo mawili, basi hawafanani." Si lazima. Yai moja likigawanyika ndani ya siku tatu za mwanzo, watoto hufanana na bado kila mmoja hupata kondo lake. Kinyume chake ndicho cha kutegemea: wenye kondo moja wametoka kwenye yai moja.

Sasa karatasi utakayotoka nayo. Kabla hujalipa, piga simu au uliza dirishani: "Je, mnapima mapacha wa wiki 12 na mnaandika idadi ya makondo na chupa?" Wakijibu kwamba wataangalia mapigo ya moyo tu, asante, nenda kwingine. Ripoti nyingi huandikwa kwa herufi. DCDA ni makondo mawili, chupa mbili. MCDA ni kondo moja, chupa mbili. MCMA ni kondo moja, chupa moja. Moja kati ya hizo tatu lazima iwemo, pamoja na picha iliyochapwa ya mahali utando unapogusa kondo. Picha hiyo ina thamani kuliko sura za watoto. Daktari mwingine akiwa na shaka mwezi Agosti, ataitazama picha hiyo, kwa sababu yeye mwenyewe hataweza tena kuiona ile kabari.

Ripoti iwe pia na urefu wa kila mtoto toka utosini hadi makalioni. Katika dirisha hilo urefu unaofaa ni kati ya milimita 45 na 84. Umri wa mimba husomwa kwa mtoto mkubwa, si kwa mdogo na si kwa wastani wa wote wawili; ukisomwa kwa mdogo, mtoto aliyedumaa anaweza kuonekana wa kawaida. Iandikwe kila mtoto yuko wapi, kwa mfano "wa kwanza kulia chini, wa pili kushoto juu", na kondo la kila mmoja au kitovu chake kinaingilia wapi. Bila hivyo, kipimo kinachofuata kitawachanganya, na utaambiwa mmoja amepungua uzito kumbe wamebadilishana majina. (Nani Kulwa na nani Doto, hilo lisubiri siku ya kujifungua: anayeitwa wa kwanza kwenye skrini si lazima awe wa kwanza kutoka.) Watazame pia kichwa, tumbo, mikono na miguu, na unene wa maji nyuma ya shingo ya kila mmoja.

Kuhusu huyu wa milimita 8. Katika wiki 7 mtoto hukua kama milimita moja kwa siku. Tofauti yao ni ya siku mbili, na mpimaji akikosea kidogo kuweka alama kwenye skrini, milimita hizo mbili hutokea zenyewe. Usimhesabu amepotea. Tofauti yenye maana hupimwa wiki 11 hadi 13: toa urefu wa mdogo kwenye wa mkubwa, kisha gawanya kwa wa mkubwa. Mkubwa akiwa na 62 na mdogo 58, tofauti ni 4 kwa 62, karibu asilimia 6, hakuna neno. Ikifika asilimia 10 au zaidi, omba rufaa kwa daktari bingwa wa uzazi, si kwa sababu kuna msiba, bali ili watazamwe kwa makini zaidi.

Ni kweli kwamba mapacha wa wiki 6 au 7 huweza kufika wiki 12 akiwa amebaki mmoja. Mara nyingi mwili humnyonya yule aliyekoma kukua, mama huona matone au haoni kitu, na aliyebaki huendelea. Hakuna chakula ulichokula wala ndoo uliyobeba iliyosababisha. Likitokea hilo hakuna kusafishwa. Na hapa tunakaza sauti: ukirudi na damu, mtu akatazama haraka akasema "mimba imeharibika" na kukupa vidonge vya kuitoa, usivimeze mpaka watoto wote wawili watazamwe kwa njia ya chini. Mtoto mwenye urefu chini ya milimita 7 asiyeonekana mapigo hahukumiwi siku hiyo. Hurudiwa baada ya siku 7 au zaidi. Kifuko kisicho na mtoto nacho hakihukumiwi kabla wastani wa upana wake kufika milimita 25. Wako wameshapita hapo, mapigo yameonekana, lakini mama mwingine atakayesoma hapa huenda yuko wiki ya 5. Wiki hiyo kuona kifuko kimoja tupu si ajabu, na si ajabu pia akaambiwa "mtoto mmoja" kisha wiki ya 8 wakawa wawili.

Maji: kama watapima tumboni, kunywa nusu lita hadi lita moja saa moja kabla, usikojoe. Kibofu kilichojaa kiasi husogeza utumbo na kuupa mji wa mimba dirisha. Kikijaa hadi unashindwa kukaa, kinaukandamiza mji wa mimba na picha inapinda. Punguza kidogo chooni. Kama watapima kwa chini, kibofu kiwe kitupu. Wiki 12 wengi huanza tumboni, na wakikwama kwenye utando hushuka chini, kwa hiyo usishangae wakikutuma chooni katikati ya kipimo. Kifaa cha chini huvikwa kondomu mpya mbele yako na hakifiki ndani ya mji wa mimba; hakitoi mimba. Ukiona tone la damu baadaye, mara nyingi limetoka kwenye mlango wa kizazi uliolainika. Una haki ya kuomba mpimaji wa kike au muuguzi wa kike awepo.

Kwa mama mkwe, mwambie kwa adabu kwamba altrasaundi haina mionzi. Ni mawimbi ya sauti ambayo sikio halisikii. Yenye mionzi ni eksirei na siti skani. Hofu yake ina chembe moja ya kuzingatiwa: mawimbi hayo hupasha joto kidogo, hivyo kipimo cha mimba changa hufanywa kwa muda mfupi unaotosha. Usiombe uwashiwe spika kusikiliza moyo kwa starehe, kwa sababu njia hiyo hutumia nguvu kubwa zaidi kuliko picha ya kawaida. Kuhesabu mapigo kwa mstari kwenye skrini kunatosha.

Na sasa hatari ya kondo moja, kama itathibitika. Katika kila mimba 100 za kondo moja na chupa mbili, kama 10 hadi 15 hupata hali ya mtoto mmoja kumtilia mwenzake damu kupita kiasi. Mtoaji hukauka: anakojoa kidogo, maji yake hupungua chini ya sentimita 2 kwa kina, kibofu chake hakionekani. Mpokeaji hufurika: maji yake hupita sentimita 8, na moyo wake huelemewa. Huanza mara nyingi kati ya wiki 16 na 26, na mama anaweza asihisi kitu mwanzoni. Ndiyo sababu mapacha wa kondo moja hupimwa kila wiki mbili kuanzia wiki 16, kwako tarehe 23 Juni. Ukisubiri wiki ya 20, ambayo ni 21 Julai, vipimo viwili vimeshakupita. Wenye makondo mawili hupimwa kila wiki nne, na mzigo kwa mume unapungua sana. Unaona sasa kwa nini kipimo cha Mei ni cha kuokoa fedha: ndicho kinachosema ulipie vingapi.

Ripoti ikija na MCDA, usiirudishe kliniki ya kata ikakae kwenye faili. Omba rufaa ya maandishi kwenda kwa daktari bingwa. Kwa Mwanza, Hospitali ya Rufaa ya Kanda Bugando ndiyo ngazi ya juu. Muulize mapema, kabla ya wiki 16, akiona dalili za kugawana damu atakutuma wapi, maana tiba yake kuu ni kuziba ile mishipa kwa leza ndani ya mji wa mimba, na haifanyiki kila hospitali. Kujifungua kwa kondo moja chupa mbili kwa kawaida hupangwa wiki ya 36, kwako kama tarehe 10 Novemba. Kwa makondo mawili wiki ya 37. Anza kupanga usafiri na mtu wa kukaa na wakubwa wawili kwa hesabu hiyo, sio ya Desemba.

Kliniki usiache kwa sababu ya altrasaundi. Damu huisha upesi ukiwa na wawili, kwa hiyo vidonge vya FEFO (madini ya chuma na asidi ya foliki) vimezwe kila siku, hata kichefuchefu kikisumbua. Jaribu usiku baada ya chakula. Shinikizo la damu lipimwe kila hudhurio, maana kifafa cha mimba huwapata wenye mapacha zaidi. Muulize daktari kama unastahili aspirini ndogo kuanzia wiki 12. Usijinunulie mwenyewe, hasa wewe uliyetokwa damu.

Usingoje tarehe yoyote kama damu itarudi na kujaza pedi ndani ya saa moja, kama tumbo litauma upande mmoja ukahisi kizunguzungu au maumivu begani, au kama utatapika hadi mkojo ukauke. Kuanzia wiki ya 16, tumbo likijaa na kukaza ndani ya siku chache, au pumzi ikikata ukilala, hiyo ni siku ya kupimwa maji ya watoto wote wawili, hata kama ulipimwa wiki iliyopita. Nenda hospitali yenye chumba cha upasuaji, na beba karatasi ya 23 Aprili pamoja na ile mpya.